Usiing'arishe Bunduki ya Kale

Hii ni hotuba niliyoitoa Mombasa mbele ya wahifadhi, walimu na wanafunzi wa historia. Nimeiandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani sikuziweka. Pale zilipokuwa za lazima nimeeleza kwa maneno.

Wazee wetu mlioketi mbele, walimu, ndugu zangu wahifadhi, na ninyi vijana mliokuja na madaftari yenu: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Tangazo lilisema nitazungumzia bunduki za karne ya 19, na najua wapo waliokuja wakitarajia habari za vita. Habari hizo wanazijua wanahistoria kuliko mimi. Mimi ni mtu wa metali. Nataka leo twende pamoja mpaka kwenye ngozi ya bunduki, basi. Ule weusi wa mtutu unaoelekea ubuluu. Ule weupe wa nikeli. Ile dhahabu iliyobaki ndani ya mifereji ya nakshi ilhali kwingine kote imekwisha. Ngozi hiyo ni nyembamba kuliko karatasi ya madaftari yenu, lakini imebeba habari ambazo mara nyingi hazikuandikwa popote: silaha ilitengenezwaje, ilitengenezewa nani, ilishikwa wapi zaidi, ililala mahali gani, na nani aliihangaikia baadaye.

Sasa niwaulize. Ukikabidhiwa leo bunduki ya mwaka 1875, mtutu umefifia, nikeli imebanduka mabaka mabaka, kutu inachungulia, utaanza na nini?

Nimesikia sauti huko nyuma: "Kuisafisha." Ahsante kwa kujibu. Hilo ndilo jibu linalotutoka wengi wetu, na ndilo jibu nililokuja kulipinga.

Kabla sijalipinga, neno moja la usalama, maana siwezi kulala nikilisahau. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Pennsylvania, Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Kaskazini liliokota uwanjani bunduki zaidi ya 27,000. Nyingi kati ya hizo zilikuwa bado zimeshindiliwa, na nyingine zimeshindiliwa mara mbili au zaidi juu ya risasi ambayo haikutoka. Gobore lililoshindiliwa halijionyeshi kwa nje. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza rangi, chukua ufito wa mti, utumbukize mtutuni taratibu mpaka ugote, tia alama mdomoni, kisha uutoe na kuulaza kwa nje. Ukiona ncha yake haikufika nyuma kabisa, pale mtutu unapoishia, kuna kitu ndani. Iweke chini, watoe watu, ita mtaalamu wa silaha. Baruti haina uzee.

Haya, turudi kwenye ngozi.

Mwanzoni mwa karne ya 19 askari wa kawaida wa Uingereza alibeba bunduki yenye mtutu mweupe, chuma kitupu. Aliusugua kwa unga wa matofali mpaka ung'ae, maana kwenye gwaride mng'ao ulihesabiwa kuwa nidhamu. Kila msuguo uliondoa chuma kidogo. Leo kidogo, kesho kidogo, miaka kumi kidogo. Yako mambo ambayo jeshi liliyaamrisha kwa nia ya kutunza, na yakawa yanakula kile kilichotunzwa.

Lakini jeshi hilohilo, karibu na mwaka 1800, lilichagua bunduki ya fundi wa London aitwaye Ezekiel Baker kwa ajili ya kikosi kipya cha walenga shabaha. Hawa hawakuvaa nyekundu, walivaa kijani. Hawakusimama kwenye mistari. Walijibanza nyuma ya mawe na miti. Na mitutu yao haikuwa myeupe. Ilikuwa ya kahawia. Kwa nini? Kwa sababu jua likigonga chuma cheupe, adui anakuona kabla wewe hujamwona. Mtu anayetaka kuonekana hung'arisha. Mtu anayetaka kurudi nyumbani hufifisha. Ukiiona Baker makumbushoni imesuguliwa mpaka nyeupe, ujue mtu amefuta sababu yenyewe ya bunduki ile kuwapo.

Na kahawia ile ilitoka wapi? Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa ninyi vijana. Ilitoka kwenye kutu. Fundi aliusafisha mtutu mpaka usibaki hata alama ya kidole yenye mafuta. Akaupaka dawa ya asidi. Akauacha mahali penye unyevunyevu. Kutu nyekundu ikaota juu yake, laini, ya kushikika. Akaipangusa kwa brashi ya waya mwembamba, ile iliyolegea ikaondoka, ile iliyong'ang'ania ikabaki. Akapaka tena. Akaacha tena. Akapangusa tena. Siku nyingi, mara nyingi, mpaka mtutu ukawa na koti la kahawia lililobana. Na akitaka nyeusi yenye ubuluu badala ya kahawia, aliuchemsha mtutu ndani ya maji safi kila baada ya kuotesha kutu. Kutu nyekundu ikageuka kuwa oksidi nyeusi ya chuma, iliyo tulivu zaidi. Basi ile bluu tunayoisifia kwenye bunduki nzuri za karne ya 19 ni kutu iliyofugwa na fundi mvumilivu.

Mmeona hatari ilipo? Mtu anakwenda dukani, ananunua dawa ya kuondoa kutu, anaipaka mtutuni. Dawa itabaguaje? Haijui kutu ya mvua na kutu ya fundi. Inaondoa zote mbili, na dakika chache baadaye una mtutu wa kijivu, safi kabisa, na kazi ya wiki nzima ya mtu aliyekufa zamani imekwenda na maji machafu.

Ipo ngozi nyingine ambayo wakusanyaji wa Marekani wanaipenda mno, nayo ni ile ya rangi za mawingu: bluu, kijivu, kahawia, zimechanganyika bila mpango. Hiyo nayo haikupakwa. Vipande vya chuma vilipangwa ndani ya kasha pamoja na mkaa wa mifupa na ngozi, kasha likatiwa moto mpaka chuma kikawa chekundu kwa saa kadhaa, kisha vyote vikamwagwa ndani ya maji baridi. Uso wa chuma ulinyonya kaboni ukawa mgumu, ndani kukabaki laini, na zile rangi zikatokea zenyewe juu. Winchester, kiwanda cha bunduki cha Marekani, walizitoa bunduki zao za modeli ya 1886 zikiwa na rangi hizo kwenye bodi, yaani lile kasha la chuma la katikati lenye mitambo, mpaka kama mwaka 1901, walipohamia bluu. Rangi hizo zinakufa kwa mwanga wa jua. Nimeona bunduki iliyowekwa kwenye kabati la kioo mbele ya dirisha. Upande ulioelekea ukutani una mawingu yote, upande ulioelekea dirishani ni kijivu kitupu. Hakuna aliyeigusa. Jua peke yake.

Sasa tuingie kwenye kuchovya.

Hapa pwani dhahabu ya kuchovya kila mtu anaijua, na akina mama mlio hapa mnaitambua mkufu ukiwa bado mbali. Zamani dhahabu ilibandikwa juu ya metali kwa zebaki. Fundi alichanganya dhahabu na zebaki, akapaka, akaweka motoni; zebaki ikapaa na moshi, dhahabu ikabaki. Moshi ule uliwaua mafundi polepole. Kisha mwaka 1840 huko Birmingham, Uingereza, George Elkington na binamu yake Henry walipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya njia ya umeme: unatundika kitu ndani ya maji yenye chumvi za fedha au dhahabu, unapitisha mkondo wa betri, na metali inajijenga juu yake. Siri ilikuwa kwenye sianidi ya potasiamu, iliyogunduliwa kufaa kwa kazi hiyo na daktari mmoja, John Wright. Sumu kali nayo, lakini kazi ikawa ya kiwandani badala ya kuwa ya fundi mmoja na jiko lake.

Dhahabu kwenye bunduki ilikuwa na kazi gani? Niwape mfano ulio Washington, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani chini ya Smithsonian. Ni bunduki ya Henry, namba 6, yenye nakshi na dhahabu, aliyopewa Rais Abraham Lincoln wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Henry ilikuwa silaha ya ajabu kwa wakati wake: wakati askari wengi walikuwa bado wanashindilia risasi moja moja kwa mdomo wa mtutu, hii ilibeba risasi 16 chini ya mtutu na kuzipandisha kwa wenzo. Lakini mkuu wa idara ya silaha ya jeshi, Jenerali James Ripley, hakuzipenda bunduki za namna hiyo. Kampuni ya New Haven, iliyotengeneza Henry, ikafanya nini? Ikapeleka bunduki za nakshi na dhahabu kwa wakubwa. Kwa Rais. Kwa Waziri wa Vita. Kwa Waziri wa Majini.

Je, zawadi zile zilifungua mlango? Kidogo tu. Serikali ilinunua Henry 1,731 katika vita vilivyotumia bunduki kwa mamia ya maelfu. Askari wengi waliozitaka walizinunua kwa fedha zao. Ndiyo maana napenda kuwaonyesha wanafunzi bunduki namba 6. Dhahabu ile ni maneno yaliyosemwa na kampuni kwa mtawala. Ukiifuta, unabaki na Henry tu, na Henry zilikuwa kama 14,000. Ukiiacha, unabaki na ombi la mfanyabiashara kwa Rais, limeandikwa kwa dhahabu, na unaweza kulisoma.

Hapo hapo niwaonye juu ya kosa linalofanyika sana. Mrithi wa Henry ni Winchester ya 1866, ile yenye bodi ya njano ambayo Wamarekani waliipa jina la utani la Yellow Boy. Watu wakiiona wanasema imechovywa dhahabu. Haikuchovywa. Bodi yenyewe ni aloi ya shaba, njano mpaka ndani. Haihitaji koti kwa sababu haina kutu ya chuma. Inachakaa kuwa na rangi ya kahawia nzito kama asali, na hiyo asali ndiyo umri wake. Kila mwaka wapo wanaoipiga dawa ya kung'arisha shaba mpaka inakuwa mpya kama bomba la maji la hoteli. Nakuombeni. Msifanye hivyo.

Nikeli sasa. Hapa ndipo nataka kukaa.

Kemia ya kuchovya nikeli ilianza Ujerumani katika miaka ya 1840, lakini kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya maabara. Ganda lilitoka jeusi, au likapasuka, au likabanduka. Mwaka 1869 Isaac Adams, mkemia wa Boston, alipata hataza ya namna ya kutengeneza maji ya nikeli yaliyo safi, yanayotoa ganda gumu na jeupe kila mara. Kampuni iliyoshika hataza hiyo, United Nickel, iliwapeleka mahakamani walioitumia bila ruhusa. Baada ya hapo nikeli ikasambaa: majiko, vifaa vya hospitali, hatamu za farasi, na silaha. Kiwandani ungeweza kuagiza bunduki yako ichovywe nikeli yote, au bodi na bamba la kitako tu, mtutu ukabaki wa bluu.

Kwa nini watu waliitaka? Wapo walioitaka kwa uzuri, hilo halina ubishi. Lakini kumbukeni kwamba risasi za wakati ule zilikuwa za baruti nyeusi. Baruti nyeusi haiungui yote. Sehemu kubwa ya uzito wake inabaki kama masizi na chumvi, na chumvi hizo zinavuta unyevu wa hewani. Ukipiga risasi jioni ukalala bila kusafisha, asubuhi unakuta kutu. Sasa mchukue mtu wa nyanda za Magharibi mwa Marekani, bunduki iko kwenye tandiko la farasi, mvua, jasho la farasi, jasho lake mwenyewe. Ganda la nikeli lilipanguswa kwa kitambaa na kazi ikaisha. Kwa mtu yule halikuwa pambo, lilikuwa nafuu.

Lakini nikeli ina tabia moja ambayo lazima muielewe, kwa sababu kazi yote ya kuhifadhi inasimama juu yake. Tazameni juu. Paa la ukumbi huu ni mabati. Bati la paa ni chuma kilichochovywa zinki. Ukilikwaruza, zinki ya pembeni ya mkwaruzo inaliwa kwanza na chuma kinapona. Zinki inakufa kwa niaba ya chuma. Nikeli haifi kwa niaba ya mtu. Ikitoboka, chuma cha chini ndicho kinacholiwa, na kinaliwa upesi kuliko kama kingekuwa wazi bila ganda. Tundu ni dogo, nikeli iliyolizunguka ni pana, unyevu wenye chumvi unaviunganisha, na mkondo wote wa umeme unakwisha kwenye kitundu kimoja. Kutu inachimba kwenda chini, halafu inatambaa pembeni chini ya ganda, mpaka ganda linainuka na kubanduka. Kwa hiyo ukiona kidoa chekundu cha ukubwa wa ncha ya kalamu juu ya nikeli, usikidharau. Hicho ni mdomo wa shimo, na shimo ni pana kuliko mdomo wake.

Na ndiyo maana nikeli haisuguliwi. Ukiisugua unaifanya nyembamba, ukiifanya nyembamba unaitoboa, ukiitoboa umeanzisha mashimo mapya. Tena ziko bunduki ambazo chini ya nikeli kulitangulizwa shaba nyekundu ili nikeli ishike vizuri. Dawa nyingi za kung'arisha na za kusafisha mitutu zina amonia, na amonia inakula shaba. Inaingia kwenye ufa, inakula lile tabaka la chini, na nikeli nzima nzima inaondoka kama gamba.

Sasa niwasimulie.

Nilipokuwa nasomea uhifadhi wa metali Marekani, mzee mmoja alituletea Winchester ya 1873 iliyotoka kwa babu wa mkewe. Iling'aa kiasi kwamba aliyekaa mwisho wa chumba aliiona. Mzee alikuwa na furaha ya kweli. Alisema bunduki ilikuwa imechakaa, akaipeleka kwenye karakana inayochovya bampa za magari, wakairudishia "nikeli yake ya asili". Alitaka tumwambie ya mwaka gani na tuithibitishe.

Mwalimu wetu hakusema neno. Aligawa lenzi, kila mwanafunzi na lenzi yake, akatuambia tuandike tunachokiona.

Tukaanza na maandishi juu ya mtutu. Kuna mstari mrefu wa chapa pale, wenye jina la kampuni, New Haven, maneno ya King's Improvement, na tarehe za hataza za 1866 na 1860. Chapa inapogongwa kwenye chuma, kingo za herufi zinakuwa kali. Hizi zilikuwa zimelegea, mviringo, na herufi za mwisho zilikuwa hafifu kuliko za mwanzo, kwa sababu gurudumu la kusugulia lilielemea upande mmoja. Tukaangalia mtutu wenyewe. Ulikuwa wa pembe nane, na pembe zilikuwa zimelala. Ukipitisha ukucha haukwami. Tukaangalia mashimo ya skrubu. Yalikuwa yamebonyea kama visahani, kwa sababu gurudumu hufuata ukingo wa shimo na kuula. Tukakuta vishimo vya kutu ya zamani, na ndani ya kila kishimo mlikuwa na ganda linalong'aa. Fikirini hilo kidogo. Ganda ndani ya kishimo cha kutu. Maana yake kutu ilitangulia, ganda likaja baadaye. Kiwanda hakichovyi chuma chenye kutu.

Tukafungua ndani. Springi zilikuwa zimechovywa. Chuma kigumu cha springi kikipita kwenye asidi na maji ya kuchovyea kinaweza kunyonya haidrojeni na kupasuka bila onyo. Mtu anayejua silaha angezivua kwanza.

Halafu rangi. Nikeli ni nyeupe yenye ujoto, inaelekea njano kidogo, hasa ikizeeka. Hii ilikuwa nyeupe ya baridi, yenye ubuluu. Ilikuwa kromu. Na kuchovya kromu kibiashara kulianza miaka ya 1920. Bunduki ya 1873 haiwezi kutoka kiwandani na kromu.

Mwalimu akamwandikia mzee barua kwenda Cody, Wyoming, kwenye makumbusho ya silaha yanayotunza madaftari ya kiwanda cha Winchester. Kwa namba nyingi za modeli ile, madaftari yanaonyesha bunduki ilivyoingia ghalani na siku ilipotoka: mtutu wa duara au wa pembe, kifyatulio cha aina gani, umaliziaji gani. Jibu lilikuja. Bunduki ile ilitoka na bodi ya rangi za mawingu, zile za mkaa wa mifupa. Haikuwahi kuwa na nikeli. Habari ya nikeli ilikuwa ya familia, na karakana ikaitii.

Mzee akauliza: "Naweza kuirudisha ilivyokuwa?" Akaambiwa ukweli: hapana. Unaweza kulivua kromu, unaweza kumlipa mtu atengeneze rangi za mawingu mpya, lakini hizo zitakuwa za mtu huyo. Kilichosuguliwa ni chuma chenyewe. Thamani yake sokoni ilianguka vibaya, ila naona hilo lilimuuma kidogo. Lililomuuma zaidi ni kwamba kwenye bodi, chini, mahali mkono unaposhika bunduki mtu anapotembea nayo, kwa kawaida huwa pana uchakavu. Rangi huisha pale kwanza. Uchakavu ule ungekuwa mkono wa babu, miaka na miaka. Karakana iliusafisha.

Mzee aliomba kitu kimoja, nami nilimheshimu kwa hicho. Aliomba tumwandikie karatasi inayosema lini ilichovywa, wapi, kwa metali gani, na nini kilikuwa chini yake kwa mujibu wa Cody, aiweke pamoja na bunduki ili wajukuu wasidanganyike.

Ndugu zangu, mtaniuliza: haya yanatuhusu nini sisi wa pwani? Yanatuhusu sana. Balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, aliandika mwaka 1888 kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 za kila namna zilikuwa zinaingia kwa mwaka kupitia Zanzibar. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Brussels ukapiga marufuku biashara hiyo katika eneo kubwa la Afrika. Nyingi ya silaha hizo zilikuwa gobore za bei ya chini, hazikuchovywa kitu. Zilizopendeza zilipendezeshwa baadaye na masonara. Angalieni Oman: mitutu ya zamani ya Kiajemi, na baadaye Martini-Henry za Waingereza, zikafungwa bangili za fedha kuzunguka mtutu na kitako. Pale bunduki ina ngozi mbili, ya kiwanda na ya sonara, na zote ni historia. Fedha ikiwa nyeusi, watu wanaisugua. Kila ukiisugua, ule weusi unaondoka na fedha, na nakshi ya sonara inakuwa hafifu mpaka siku moja unashika bangili laini isiyo na neno.

Tena sisi tuna adui mkubwa kuliko yule mzee. Tuna hewa. Chuma kinaanza kuota kutu kwa kasi unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 65, na Mombasa unyevu hupita hapo muda mrefu wa mwaka, tena na chumvi ya bahari juu yake. Wanamaji wa Marekani walilijua tatizo hili wakati wa vita vya 1861 hadi 1865; walikuwa na bunduki fupi ya Sharps & Hankins ya 1862 ambayo mtutu wake ulifunikwa kwa ngozi ya mnyama kuukinga na maji ya chumvi. Wengi wanaikuta leo ikiwa imepoteza ngozi, mtutu mwembamba mtupu, wanadhani ndivyo ulivyokuwa. Ukiikuta yenye ngozi bado, usiivue ili uone kutu. Ngozi ile ndiyo nadra.

Basi tufanye nini? Shika kwa glovu za mpira. Za pamba zinateleza kwenye nikeli, na jasho lina chumvi. Piga picha kabla ya lolote, pande zote, na kwa karibu: chapa, skrubu, kingo, kila kidoa. Vumbi liondoe kwa brashi laini. Kutu inayokua izuie kwa kuikausha hewa kwanza: kabati linalofunga vizuri, silika jeli, vile vipunje vinavyonyonya unyevu, inayobadilishwa kwa ratiba, kipimo cha unyevu ndani, lengo karibu na asilimia 50 ili chuma kipone na mti wa kitako usipasuke. Nta maalumu ya makumbusho, tabaka jembamba, inatosha kwa bunduki nyingi. Usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi wala kitambaa cha sufi. Vinashika unyevu, na ngozi ina asidi zake. Dirisha liwe mbali. Na mtu akija na dawa ya kung'arisha, mpe chai, mpe kiti, chupa ichukue wewe.

La mwisho ni la kazi. Kwenye kadi zetu nyingi za kumbukumbu, sehemu ya hali ya kitu huandikwa "imechakaa" au "nzuri". Neno hilo halimsaidii mtu. Nimeleta kadi mpya, ziko mezani kwa katibu. Ina nafasi ya kuandika ngozi ya kila sehemu peke yake: mtutu, bodi, wenzo, skrubu, bamba la kitako, bangili za fedha kama zipo. Inauliza kingo ni kali au zimelala. Inauliza kama kuna ganda ndani ya vishimo. Inauliza nani aliigusa mara ya mwisho na kwa dawa gani, na kama unamjua mtu huyo, nenda ukamuulize angali hai.

Meza ya kushoto kuna bunduki nne zilizokwisha kukaguliwa kuwa ni tupu, glovu ziko pembeni, lenzi ni tisa kwa hiyo mtapokezana. Moja kati ya hizo nne imechovywa upya. Sitasema ni ipi. Wanafunzi waanze, wazee wawape nafasi, na kila mmoja ajaze kadi yake kabla ya kuuliza jirani yake ameona nini.